L ya Luhende

Kambi ya Asali, Sikonge
4 Juni 2025

Kwako Mwanne, kama ni wewe,

Kama siye, basi wewe uliyefungua bahasha hii ikunje tena umpe Benjamini, konda wa gari la Sikonge, atanirudishia. Lakini mimi najua ni wewe, na tangu juzi sijatulia.

Juzi nilileta asali mjini Tabora. Nilipomaliza nikapita kwa Mzee Fakhrudin, pale tulipokuwa tunanunua kanda. Duka lipo palepale, ila kanda hakuna hata moja. Limejaa makava ya simu na chaja, anauza mjukuu wake Fiza, na mzee mwenyewe amekaa kwenye kiti mlangoni anasalimia wapita njia. Nilifuata chaja ya kisimu changu cha kiswaswadu. Mbele yangu alikuwepo binti mwenye begi la chuo, anamwuliza Fiza kama ana mpira wa kuzungushia kaseti. Akatoa kitu kwenye begi, akakiweka juu ya kioo cha kaunta.

Mwanne, nilikitambua kabla hajakiachia. Ilikuwa wokimeni, na si wokimeni yoyote, ni ile yako ya buluu yenye doa la rangi ya kucha uliyoimwagia siku lori lilipoingia shimoni. Nikamwuliza binti ameitoa wapi. Akaivuta karibu yake kana kwamba namwibia, halafu akasema ni ya bibi yake, Bibi Mwanne wa Kitete, nyuma ya hospitali. Nikasahau chaja. Nikasahau na kofia yangu juu ya kaunta, iko kwa Fiza mpaka sasa.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Wewe karani wa mizani pale kituo cha tumbaku, mimi mpakiaji, na lori la chama cha ushirika linatupeleka mjini tumekaa juu ya mabelo ya tumbaku. Wokimeni ulikuwa umeletewa na kaka yako kutoka Kigoma, mimi kazi yangu ilikuwa kununua kanda. Ule utepe wa chuma wa hedifoni ulipokatika tukagawana, kila mtu sikio lake. Huku imeandikwa L, kule R. Nikasema L ni Luhende, hakuna mjadala. Ukaniuliza R ni ya nani. Nikasema ni ya Rafiki yake Luhende. Ulinipiga kofi la bega, lakini tangu siku hiyo hatukubadilishana.

Nakuomba kitu kimoja. Wimbo ule wa mwisho, upande B, ambao Mzee Fakhrudin hakuuandika kwenye jalada. Sijausikia popote tena. Mwanangu Fikiri alinitafutia kwenye simu yake, nikaipigia mluzi, simu ikamletea mahubiri. Sasa Fikiri anakuja kunichukua tukimaliza kulina asali, tarehe 12 Julai, nikaishi naye Dar es Salaam. Tangu mama yake afariki anasema siwezi kukaa peke yangu porini. Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu na mizigo kichwani, wakarudi. Mimi napelekwa kwa gari na sioni dalili ya kurudi. Kabla sijaondoka nataka kuusikia wimbo ule, na ikiwezekana niusikie nikiwa nimekaa karibu na wewe.

Naandika kwa kalamu kwa sababu hapa kambini mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na foleni yake ni ndefu. Haya si ya kusemea juu ya kichuguu.

Ni mimi,
Luhende


Kitete, Tabora
9 Juni 2025

Ndugu Luhende,

Ni mimi. Nipo, magoti tu ndiyo yananigomea. Mume wangu Masanja alishatangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, naishi na mjukuu wangu Shamila, huyo uliyemtisha dukani. Kofia yako aliifuata kwa Fiza, naituma pamoja na barua hii. Imechakaa. Ningekuwa mkeo ningeshaichoma.

Wokimeni ni ile ile, macho yako hayajazeeka. Shamila ana wazimu wa vitu vya zamani, na anasema hayuko peke yake, chuoni kwao sasa ndiyo fasheni. Simu inamchosha. Yuko katikati ya wimbo anapigiwa. Akirudi kwenye wimbo anakuta tangazo la sabuni. Akilipita tangazo, kuna mtu kamtumia kichekesho. Anataka chombo chenye kazi moja. Nikamwambia hata hiki kilikuwa na kazi mbili, ya pili ni kula betri. Nikamfundisha kuanika betri juani juu ya bati ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Nikamwonyesha kurudisha kanda kwa kalamu ya biki ili tusizimalize betri kwa kurudisha. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Nami nikawa nazungusha ile kalamu na kucheka naye, vidole vilikuwa vinakumbuka vyenyewe. Nilifurahi, Luhende, siwezi kukuficha. Lakini wokimeni haizunguki. Mpira wake wa ndani umeyeyuka umekuwa ulimbo.

Sasa huo wimbo. Umenishangaza. Katika nyimbo zote za kanda ile, unauomba huo? Sijausahau hata neno. Nilidhani wewe ndiye ungependa usahaulike. Kanda ninayo na haijakatika, ila sioni kwa nini tuufukue.

Nakutakia safari njema ya Dar.

Mwanne


Kambi ya Asali, Sikonge
14 Juni 2025

Mwanne wangu wa mizani,

Mwangaluka! Nakuamkia kwa kwetu. Benjamini amenipa barua yako asubuhi, na kofia, ambayo nimeivaa makusudi. Hapa nakuandikia mikono inanata asali, usishangae karatasi ikishikana.

Nakutumia vitu viwili. Ndoo ndogo ni asali ya mwaka huu, nyeupe, ya juu kabisa. Hicho kiduara cheusi ndani ya karatasi ni cha wokimeni. Nimekikata kwenye mkono wa glavu ya mpira ninayovaa kulina, nikakijaribu kwenye magurudumu ya kigari cha mjukuu wa jirani na kikazungusha. Mwambie Shamila akivishe taratibu asikivute sana.

Umeandika hujausahau hata neno. Sentensi hiyo niliisomea juu ya kichuguu, nikacheka peke yangu, watu wa foleni wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Kumbe na wewe umeutunza miaka yote hii! Basi acha nikuambie leo, maana umri huu sina tena cha kuonea haya. Mimi sikuwa mtu wa kusema, unanijua. Nikikaa karibu na wewe juu ya mabelo ulimi unakauka. Ndiyo maana nilikuwa nasema "rudisha", ukirudisha nasema "rudisha tena". Kila nilichoshindwa kukuambia kwa mdomo niliuachia wimbo ule ukuambie. Nilijua unasikia, kwa sababu ulikuwa unainamisha kichwa na kunyamaza.

Nilichokuwa nacho moyoni wakati ule ninacho mpaka leo. Sijabadilika hata kidogo.

Niambie wokimeni ikizunguka. Nitakuja hata kwa baiskeli.

Luhende


Kitete, Tabora
18 Juni 2025

Luhende,

Asali nimeipokea na siirudishi, Shamila keshaifungua. Kiduara chako nimekitupa kwenye droo pamoja na wokimeni, na nimesema sitaki kuona mtu anavigusa.

Nilisikia ulichokuwa unaniambia. Kila Jumamosi nilikisikia, nawe umekaa hapo umefumba macho unatabasamu. Siku zile mtu akiwa na jambo zito hakulisema, alikupa wimbo ukusemee, na mji mzima ulilijua hilo. Mara ya kwanza nikajipa moyo kwamba labda ameupenda tu. Lakini mtu anayesema rudisha, halafu rudisha tena, huyo anataka uelewe. Nikaelewa. Nikaenda Nzega kwa shangazi yangu, na Masanja alipokuja na watu wake nikasema nimekubali. Hakunitesa, na simlalamikii hata leo akiwa kaburini.

Ila wewe, uzee huu, unaniandikia kwa furaha kwamba ulikuwa unaniambia na kwamba hujabadilika hata kidogo! Umenitafuta baada ya nusu ya maisha ili unirudishie maneno yale? Nimeumia, Luhende. Sikudhani bado naweza kuumia kwa jambo la juu ya lori.

Nenda Dar kwa mwanao. Usiniandikie tena.

Mwanne


Kambi ya Asali, Sikonge
23 Juni 2025

Mwanne,

Najua umenikataza. Hii ni ya mwisho na ni fupi.

Nimesoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo, na bado sielewi nimekukosea wapi. Nitakuambia ninachokijua mimi tu. Jumamosi ile ya mwisho sikuja kituoni peke yangu. Nilikuja na baba mdogo, kavaa koti la kuazima, akuone kwanza kabla hajaenda kwa wazazi wako na maneno ya posa. Tulisimama pale mpaka lori likaondoka. Karani mwingine akatuambia Mwanne kaenda Nzega, anaolewa. Baba mdogo alivunja muhogo wake akanipa nusu, tukala tukiwa tumesimama.

Nilijua umenichoka kwa sababu sisemi. Sikukulaumu. Mwanamke hawezi kukaa miaka na mtu anayesema "rudisha" tu.

Fikiri alinipigia jana, nikapanda kichuguu, nikamwambia aje kama alivyopanga. Mizinga namwachia jirani. Kanda ile ukichoka nayo usimpe mtu mwingine, mpe Benjamini aniletee, hata kama sina cha kuichezea.

Luhende


Kitete, Tabora
30 Juni 2025

Babu Luhende,

Shikamoo. Mimi ni Shamila, yule wa begi. Bibi kaniambia niandike mimi kwa sababu yeye ameshachana karatasi mbili, kwa hiyo ngoja nikupe mchapo wote tangu mwanzo.

Bibi alisema asione mtu anagusa droo. Mimi nikagusa. Jana alasiri alikuwa jikoni, nikafungua wokimeni, nikakwangua ule ulimbo, nikavisha kiduara cha glavu yako, nikaweka betri. Babu, ikazunguka! Nilipiga ukelele hadi kuku wa jirani wakaruka ua. Bibi akatoka na mwiko anakuja kugomba, lakini nikamuwahi, nikambandika sikio moja la hedifoni niliyonunua kwa Fiza. Yeye R, mimi L. Nikacheza upande B. Wimbo wa kwanza ni noma, bendi inapiga, mwanamama anaimba, Bibi akasahau kugomba akaanza kucheza na mwiko wake mkononi. Magoti yanayomgomea sikuyaona. Tukaenda hivyo nyimbo zote, mpaka ukafika ule wa mwisho.

Hapo akabadilika uso, akataka kuvua. Nikamwambia, "Bibi, subiri, hili gitaa ni balaa. Ila kwa nini hawakuweka mwimbaji?"

Akasema, "Na huyu anayeimba ni nani?"

Nikamwambia mimi simsikii anayeimba. Nasikia gitaa na ngoma, na kwa mbali sana kuna mtu kama anaguna nyumba ya pili. Bibi akanitazama, akavua sikio lake, akanitoa langu akavaa hilo peke yake, akasikiliza mpaka mwisho. Akarudisha kwa kitufe, wala hakuzionea betri huruma, akasikiliza tena. Kisha akaniuliza hilo sikio limeandikwa herufi gani. Nikasema L.

Alikaa chini sakafuni. Akaanza kucheka na machozi yanamtoka, anasema tu, "L ya Luhende. L ya Luhende."

Mimi sikuelewa kitu, ikabidi anihadithie yote, mabelo, lori, mpaka Nzega. Tukavaa viatu tukaenda kwa Mzee Fakhrudin kabla hajafunga duka. Mzee anakumbuka vizuri sana. Nyimbo nyingine aliziokota kwenye kanda nyingine kama kawaida, lakini ule wa mwisho aliurekodi mwenyewe, bendi moja iliyokuwa njiani kwenda Mpanda ilipolala Tabora na kupiga ukumbini. Alikuwa na vipaza sauti viwili. Kimoja akakiweka mdomoni kwa mwimbaji, kikaenda R. Kingine akakiweka mbele ya gitaa, kikaenda L. Bado anajivunia. "Hiyo ndiyo stirio," akatuambia. "Ukivaa masikio yote mawili unakaa katikati ya bendi." Nikamwuliza, na wakivaa wawili, kila mtu sikio lake? Mzee akafikiri, akasema hilo hakuna mteja aliyewahi kumwambia.

Bibi mwenyewe siku za kazi alikuwa anasikiliza peke yake kwa masikio yote mawili, ndiyo maana hakugundua.

Nilitaka kuurekodi kwenye simu nikutumie, Bibi akakataa. Anasema wimbo huu lazima uzunguke. Anaomba kalamu, namwachia.

Shamila

*

Luhende,

Mwandiko umeharibika, vumilia. Nijibu kitu kimoja kwanza, na unijibu kwa haki. Uliwahi kuyasikia maneno haya?

Nenda mpenzi, usiningoje stesheni,
treni yangu imeshapata abiria mwingine.
Ulichokiona machoni mwangu lilikuwa vumbi,
likitulia utaniona nilivyo, mgeni.

Kama hukuwahi, niandikie upesi. Kama uliwahi, nakuja Sikonge na mwiko.

Mwanne


Kambi ya Asali, Sikonge
4 Julai 2025

Mwanne, Mwanne,

Sikuwahi! Naapa kwa nyuki wangu wote, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kujua wimbo ule una maneno. Nilidhani ni wa gitaa tupu, na ulipoandika hujausahau hata neno nilidhani ni msemo tu. Kule kuguna nilijua ni watu wa ukumbini, siku nyingine nilidhani ni lori.

Benjamini alisimama kusubiri jibu, akaniona nimekaa chini, akadhani nimepata habari ya msiba. Nikampa asome. Alipofika kwenye maneno "abiria mwingine" akalazimika kushika mlango wa gari asianguke kwa kucheka, na abiria wake wote wakataka kuelezwa. Kwa hiyo ujue kwamba gari zima la Sikonge sasa linatujua.

Yaani mimi kila Jumamosi nilikuwa nakuacha. Nakuacha nimefumba macho, natabasamu, na nikimaliza kukuacha nasema rudisha, ili nikuache tena. Na juzi nikakuandikia kwamba sijabadilika! Nikikumbuka hiyo nacheka mpaka kifua kinauma, halafu naona ulivyoinamisha kichwa pale juu ya mabelo, na ulichokuwa unasikia, na kicheko kinaniishia. Ulivumilia wimbo ule mara ngapi bila kuniuliza? Na mimi sikukuuliza. Tulikuwa tunaona haya wote wawili, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayesema.

Sasa acha nikuambie nilichokuwa nasikia mimi. Gitaa linaanza chini, linapanda polepole, halafu linasimama. Linasimama kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu na anaogopa kubisha. Kisha linabisha, ti-ti-ti, mara tatu. Hapo ndipo nilipokuwa nasema rudisha. Ile hodi ilikuwa yangu, Mwanne. Nilikuwa nabisha kwako kila wiki.

Fikiri anafika Ijumaa na Jumamosi asubuhi tunaondoka, tutapitia Tabora. Nina begi moja na ndoo za asali. Mimi nimezeeka, sina lori, na kofia yangu unaijua. Ukisema nipite, nitapita na sitakusumbua tena, nitashukuru kwamba sikwenda pwani nikiwa sijui. Ukisema nishuke, nitashuka. Mpe Benjamini jibu lako mkononi, hata likiwa neno moja.

Luhende


Kitete, Tabora
8 Julai 2025

Luhende,

Benjamini alinikabidhi barua yako mbele ya watu wa stendi, na alikuwa anajichekea. Nusura nimkaripie. Nikaichukua, nikaja nayo nyumbani, nikamwambia Shamila aende sokoni na asirudi upesi. Akaenda. Aliporudi alikuwa na Fiza, wakakaa kibarazani wakijifanya wanachagua mchele.

Mimi nilijilaza kwenye mkeka mchana kweupe, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikavaa L peke yake. R nikaikunjia kwenye kitambaa ili huyo bwana aimbe huko huko. Nikafumba macho kama ulivyokuwa unafumba wewe. Nilitaka niusikie wimbo ulionipa, maana niliousikia mimi hukunipa wewe.

Luhende, ni mzuri. Sijui nikuambieje. Unapanda pole pole kama ulivyosema. Ukifika pale unaposimama, nikajikuta nimeshika pumzi. Halafu ukabisha. Nilirudisha. Nikarudisha tena, mpaka betri zikaanza kuvuta sauti ikawa nzito, nikaenda mwenyewe kuzianika juu ya bati la banda, Shamila na Fiza wakiniangalia kutoka kibarazani.

Nimemwaza sana Masanja siku hizi. Nilikaa naye vizuri na sitaki kusema kwamba maisha yale yalikuwa ya makosa, kwa sababu Shamila ametoka humo. Wewe nawe ulikuwa na mama Fikiri, Mungu amrehemu. Hayo yabaki yalipo na heshima yake. Lakini nimebishiwa hodi tangu nikiwa binti, na sijaijibu. Moyo wangu unadunda hapa nilipo, Luhende, nimekuwa mtu wa kuchungulia barabara kabla hata siku yenyewe haijafika.

Ila hodi haijibiwi kwa barua. Jumamosi mwambie Fikiri akate kushoto baada ya hospitali, nyumba yenye mlango wa kijani. Mwambie mapema, asije akadhani unasalimia tu: baba yake haendi pwani. Kama hofu yake ni wewe kukaa peke yako porini, Kitete si porini, na hapa hutakuwa peke yako. Asali itauzika hapa hapa mjini, na mizinga utakwenda kuiangalia na gari la Benjamini, maana sasa abiria wake wote ni ndugu zako.

Njoo ubishe kwa mkono wako mwenyewe. Kofia uivae, nimeshaizoea kwenye mawazo.

Mwanne


Nje ya nyumba yenye mlango wa kijani
12 Julai 2025

Mwanne,

Tumefika. Fikiri ameegesha gari, ameshusha begi langu mwenyewe bila kuambiwa, na sasa ananishangaa kwamba nimesimama mlangoni naandika badala ya kubisha. Ni ulimi. Umekauka kama ulivyokuwa ukikauka juu ya mabelo. Shamila yuko dirishani ananichungulia, nampa yeye karatasi hii aiingize ndani.

Hodi.

Luhende

*

Karibu.

M.